Mwongozo kamili: kusafiri China na mtoto mdogo uliyemuasili juzi tu, kuanzia siku ya kukabidhiwa mpaka mnapanda ndege

Nshajibu hili swali la kusafiri na mtoto wa kuasili kwa meseji mara nyingi mno, na kila mara naona watu wanakwama palepale. Karatasi wamezimaliza, wakili wamemlipa, halafu siku ya nne wako hotelini mtoto hajala, hajalala, treni imewaacha na mama analia chooni. Kwa hiyo naandika yote mahali pamoja.

Kwanza tuelewane mwongozo huu ni wa nani. Tangu Septemba 2024 China imefunga kuasili kwa watu wa nje, isipokuwa mtu anayemuasili mtoto wa ndugu wa damu wa karibu, au mtoto wa mwenzi wake. Kwa hiyo wewe unayesoma, pengine umeolewa na Mchina na mnamchukua mtoto wake aliyekuwa analelewa na bibi kijijini, au mwenzio ndo damu na mnamchukua mtoto wa dada yake. Mambo ya sheria muulizeni wakili, hapa naongelea safari tu. Mi na mume wangu tulimchukua binti yetu Nanning, kusini mwa China, mwaka 2017, akiwa na miaka miwili na kidogo, kutoka kituo cha kulelea watoto, halafu tukaenda Guangzhou kwa ajili ya viza yake ya Marekani. Mtoto anayetoka kwa bibi na anayetoka kituoni wanalia kilio kimoja, manake wote wamenyang'anywa mtu waliyemjua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka

- Kanga mbili, au mbeleko yoyote unayoijua vizuri. Hii ndo namba moja.
- Faili la plastiki lenye zipu: pasi zenu, cheti cha kuasili (收养登记证), pasipoti ya mtoto ikishatoka, kopi tatu za kila karatasi, picha ndogo za pasipoti. Na picha za karatasi zote kwenye simu.
- Paracetamol ya maji ya watoto, ORS, zinki, kipimajoto, dawa ya upele ya kupaka, mafuta ya mgando.
- Chupa ya chai ya kutunza joto.
- Chupa mbili za maziwa zenye chuchu ya tundu kubwa, kijiko laini, kikombe kidogo.
- Pampasi za siku mbili tu, nyingine utanunua huko. Waipsi nyingi.
- Nguo za saizi mbili, manake umri kwenye karatasi hausemi mwili wake ukoje.
- Vitu vya kuchezea visivyo na betri: vikombe vya kupangana, mpira mdogo, stika.
- Adapta. Umeme wa China ni volti 220, plagi ya miguu mitatu ya Kenya na Tanzania haiingii. Plagi bapa ya Marekani inaingia, ila kifaa cha volti 110 peke yake kitaungua.

Kigari cha kusukuma acha. Stesheni zina ngazi na misururu na ukaguzi wa mizigo, na mtoto anayekuogopa hatulii kwenye kigari anaona miguu ya watu tu.

## Hatua ya 1: Punguza safari kabla hujanunua tiketi

Kosa kubwa kuliko yote ni hili. Watu wanasema si tumeshafika China, basi tupite Beijing tuone Ukuta Mkuu, halafu Shanghai, mtoto tutakuwa naye. Mtoto wa miaka miwili aliyebadilishiwa kila kitu, harufu, lugha, kitanda, chakula, sura, unamwongezea tena vitanda vitatu na treni mbili. Haiwezekani. Kama unataka kuona Ukuta, nenda kabla ya siku ya kukabidhiwa.

Panga mji wa kukabidhiwa mtoto na mji wa viza, basi. Kati ya siku za karatasi weka siku tupu kabisa. Epuka wiki ya tarehe 1 mpaka 7 Oktoba na siku za Mwaka Mpya wa Kichina, manake nchi nzima inasafiri na tiketi zinaisha.

Kwa wanaokwenda Marekani: viza ya uhamiaji inatolewa ubalozi mdogo wa Guangzhou, na mtoto wa kuanzia miaka 2 anatolewa damu ya kupima kifua kikuu, majibu yanachukua siku. Usikate tiketi ya kurudi ya tarehe ya kubana.

Utajua umefaulu ukiangalia ratiba ukaona siku zisizo na kitu ni nyingi kuliko zenye kitu.

## Hatua ya 2: Simu na hela, ukiwa bado kwenu

WhatsApp, Google na Facebook hazifunguki kwa intaneti ya China. Laini yako ya nyumbani ikiwa na roming, au eSIM ya kimataifa, kwa kawaida zitafunguka. Ukitegemea VPN (programu ya kupita vizuizi vya intaneti) basi iweke kabla ya kuondoka, manake ukishafika kuipakua ni shida. Pakua pia programu ya kutafsiri, na Kichina chake ukihifadhi kwenye simu kabisa.

Hela: weka Alipay au WeChat Pay, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, maliza uhakiki wa pasipoti ukiwa nyumbani. Hata muuza uji wa barabarani mara nyingi anataka uskani kwa simu. Ila beba yuan taslimu pia, simu ikizima huku mtoto ana njaa utanikumbuka.

Pawabenki: tangu tarehe 28 Juni 2025 ndege za ndani za China hazikubali pawabenki isiyo na alama ya 3C (alama ya usalama ya China). Ya kwetu mara nyingi haina, wataichukua hapohapo kwenye ukaguzi. Nunua moja ukifika.

## Hatua ya 3: Siku ya kukabidhiwa, uliza haya na uandike

Hii dakika ishirini ndo itakayokubeba wiki mbili. Watu wanapiga picha, wanalia, wanakumbatiana, wanasahau kuuliza, halafu usiku wanabaki wanabahatisha. Mkalimani au mwenzio aulize, we andika:

1. Anaitwaje nyumbani? Jina la pasipoti karibu hakuna anayemwita. Sisi tulimwita jina la kwenye karatasi siku mbili nzima, hakugeuka, kumbe alikuwa anaitwa kwa jina la utani.
2. Anakunywa maziwa gani, vijiko vingapi kwa maji kiasi gani, na ya moto kiasi gani? Omba kopo lenyewe ulilipie.
3. Analala saa ngapi, na nani, taa inawaka au imezimwa?
4. Haja anafanyaje? Wengi wamefundishwa kukojoa kwa kusikia "xuu, xuu", mlezi anamchuchumalisha anatoa hiyo sauti. Pampasi kwake inaweza kuwa kitu kigeni kabisa.
5. Nini kinamtuliza? Nini anaogopa?
6. Dawa, mzio, kuumwa kwa karibuni.

Omba pia kitu kimoja cha kwake: shuka, kikombe, fulana ya bibi. Usikifue. Hiyo harufu unayoiona chafu ndo nyumbani kwao.

Na bibi au mlezi akiwepo, mpeni nafasi amuage mtoto, amwambie mwenyewe kwa lugha yake kwamba anakwenda na nyie. Kumtorosha mtoto akiwa anacheza ili asilie, hapana jamani. Akijua watu wanaweza kupotea ghafla hatakuruhusu wewe hata uende chooni.

Utajua umefaulu ukiondoka na karatasi imejaa na kitu chake mkononi. Kilio kisikusumbue, anayelia ana mtu wa kumlilia.

## Hatua ya 4: Usiku wa kwanza

Usimwogeshe. Najua amevalishwa nguo nne na anatoka jasho, lakini wengine hawajawahi kuona beseni kubwa wala maji yanayomwagika kutoka juu, ukimvua nguo na kumtia humo saa mbili baada ya kumpokea umemmaliza. Mfute uso na mikono kwa kitambaa cha vuguvugu. Kuoga ni siku ya pili au ya tatu, na maji ya kidogo tu.

Kaa chini sakafuni. Toa vikombe vyako, panga, angusha, panga, usimwite. Atakaa pembeni anaangalia mlango. Ikifika saa nzima au mbili atasogea. Akichukua kikombe kimoja usishangilie, mpe kingine.

Lala naye karibu, kitanda kimoja au vitanda vimegandana. Aliyetoka kwa bibi alikuwa analala ubavuni mwa mtu, aliyetoka kituoni alikuwa kwenye chumba cha watoto wengi na taa inawaka, kwa wote wawili chumba kimya chenye giza kinatisha. Acha taa ya chooni, mlango nusu.

Sasa niwape onyo ambalo wengi wanalichukulia kama bahati. Kuna mtoto hatalia kabisa. Anakaa, anakula unachompa, analala ukimlaza, na watu wanasema huyu mpole. Huyo amezima. Mkae naye vilevile kama anayelia, mbebe sana, usimpitishe kwa watu, kilio kitakuja siku ya tatu au ya tano, na kikija ni habari njema.

Jingine ni mtoto kumchagua mzazi mmoja na kumkataa mwingine. Kwetu alimchagua mume wangu, mi nikimgusa anapiga kelele jengo zima linasikia. Iliniuma, siwezi kusema uongo. Kilichosaidia ni mimi ndiye niliyekuwa natoa chakula, kila kijiko kikitoka mkononi mwangu, akiwa amekaa mapajani kwa baba yake. Siku ya sita akanijia mwenyewe na bakuli.

Maneno ya kukariri, yaandike kwenye mkono ikibidi: *yao* (nataka), *bu yao* (sitaki), *bao bao* (nibebe), *teng* (inauma), *he shui* (kunywa maji), *chi fan* (kula), *shui jiao* (kulala), *mei shi* (hamna shida, usijali). Watoto wa vijijini wengine wanaongea lahaja ya kwao tu, basi mlezi akurekodie maneno hayo kwenye simu.

Utajua umefaulu akilala hata masaa matatu mfululizo huku amekushika nguo.

## Hatua ya 5: Chakula

Maji ya bomba hayanywewi, chemsha, kila hoteli ina birika la umeme. Na ayapate vuguvugu. Mtoto wa Kichina hajazoea maji baridi, ukimpa ya friji atatema na wewe utadhani hana kiu.

Maziwa yaleyale, kopo lilelile, mazito vilevile. Vituoni mara nyingi wanachanganya na unga wa mchele na tundu la chuchu limekatwa kubwa, ndo maana ukimpa chupa yako mpya anahangaika mpaka anaitupa. Kubadilisha maziwa mfanye mkishafika nyumbani, kidogokidogo.

Vyakula ambavyo karibu kila mtoto anavikubali: uji wa mchele (*zhou*), yai la mvuke lililo laini kama faluda (*zheng dan*), tambi za supu, mkate wa mvuke (*mantou*), ndizi. Uji upo kila kona asubuhi, na sisi watu wa uji tunauelewa, ni mchele tu uliopikwa mpaka ukasambaratika. Usiutie sukari, wao wanakula na chumvi kidogo au nyama ya kusaga.

Akila bila kushiba, akajaza mashavu, akaficha mantou chini ya mto, usimnyang'anye wala usimpimie. Kuna watoto wameishi kwa zamu ya chakula. Mwachie kipande mkononi hata akilala, mradi si kitu cha kumkaba kama karanga au zabibu nzima. Mpe kidogo mara nyingi. Akiona chakula hakikatiki ataacha mwenyewe.

Akikataa kula siku nzima lakini anakunywa na anakojoa, subiri. Asipokunywa, au pampasi ikikaa kavu masaa sita mpaka manane, twende Hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Kutoka nje

Siku ya kwanza na ya pili mwisho wenu uwe ukumbi wa hoteli na duka la karibu. Halafu bustani moja, ileile kila siku.

Mfunge kanga. Mgongoni kwako hawezi kukimbia, hawezi kuona watu wote kwa pamoja, na anasikia unapumua. Mikoa ya kusini ya Guangdong na Guangxi kuna mbeleko za kienyeji, *bei dai*, kina bibi wanabeba wajukuu mgongoni vilevile kama kwetu, kwa hiyo mi nikipita na kanga wazee walikuwa wananisimamisha kunirekebishia fundo.

Ndo hapo sasa, kina mama wa barabarani. Watakuambia mtoto ana baridi, hata kama ni nyuzi 28. Watavuta soksi, watampa peremende, watanyoosha mikono wambebe. Wana upendo wa kweli, lakini mtoto wako bado hajajua yupi ni mama, na uso wa Kichina unaotabasamu unaweza kuwa ndo anautaka kuliko wako. Tabasamu, sema *xiexie, bu yong* (asante, haihitajiki), rudi hatua moja nyuma. Asibebwe na mtu mwingine wiki hizi zote, hata shemeji.

Na kama we ni mweusi unatembea na mtoto wa Kichina, mtaangaliwa. Watu watasimama, simu zitatoka, nywele zitaguswa. *Bie pai* ni usipige picha. *Ta shi wo de haizi* ni huyu mwanangu. Mtoto akiwa anapiga kelele anajitupa chini, mtu anaweza kuita polisi kwa nia njema kabisa, kwa hiyo kopi ya cheti cha kuasili isitoke mwilini mwako. Mimi niliifunga kwenye pindo la kanga. Polisi akiuliza, toa karatasi kabla hujaanza kueleza.

Teksi hazina kiti cha mtoto. Kaa nyuma, chagua barabara fupi, usiku usisafiri kama hamna ulazima. Kanga si mkanda wa gari, usijidanganye.

Mkilala nyumbani kwa shemeji badala ya hoteli, wewe mgeni unatakiwa ujiandikishe kituo cha polisi ndani ya masaa 24. Hoteli inakufanyia, ila kulala kwa shemeji peke yake hakukuandikishi. Wengi wanasahau hili.

## Hatua ya 7: Treni ya kasi

Nanning mpaka Guangzhou ni kama masaa matatu na nusu hivi, na kwa mtoto treni ni bora kuliko ndege, hamna masikio kuuma na unaweza kutembea naye.

1. Mtoto chini ya miaka 6 anapanda bure bila kiti, mmoja kwa kila mtu mzima, lakini lazima aandikwe wakati unakata tiketi yako. Watu wanasikia bure wanamwacha, wanakwama getini. Mi nasema mnunulie kiti chake.
2. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye hati yake, ukoo kwanza. Jina jipya mlilompa nyinyi halipo kwenye mfumo wa mtu yeyote bado. Hili kosa limeachisha watu treni na ndege.
3. Daraja la pili viti vya dirishani ni A na F. Chagueni D na F, viko viwili, hamna mtu wa tatu.
4. Fikeni saa moja na nusu kabla. Mizigo inapita mashine, pasipoti za kigeni mara nyingi zinapita kwa mhudumu badala ya geti la otomatiki, na geti linafungwa dakika chache kabla treni haijaondoka. Hawangoji.
5. Tafuta alama 母婴室, ni chumba cha mama na mtoto, badilisha pampasi hapo. Chooni kwenyewe vingi ni vya kuchuchumaa.
6. Kila behewa lina maji ya moto, 开水. Chupa yako ya chai ndo kazi yake hii. Yanachoma kweli, jaza bila mtoto mkononi.

Akilia njiani, simama naye pale kati ya mabehewa, mgongoni, ukiyumba taratibu. Usimpe simu mapema, utaihitaji saa la mwisho.

## Hatua ya 8: Akiumwa

Homa, kuhara na upele ni vya kawaida wiki ya kwanza. Anza ORS mapema, usingoje.

Nenda hospitali akiwa analegea, hakojoi, anapumua kwa shida, ana damu kwenye choo, au homa imepita siku ya pili. Ambulensi ni 120, polisi 110. Namba 12367 ni ya uhamiaji, wanajibu Kichina na Kiingereza masaa 24, hiyo ni ya mambo ya pasipoti na viza.

Hospitalini tafuta 儿科 (watoto) au 急诊 (dharura). Unajiandikisha kwanza kwa hati ya mtoto, unalipa, ndo unaonwa, halafu unalipa tena kwa vipimo, kwa hiyo mmoja abaki na mtoto na mwingine akimbie madirishani. Piga picha kila dawa unayopewa, daktari wa nyumbani ataitaka.

## Hatua ya 9: Kutoka nchini

Mtoto anatoka na pasipoti ya China, na kila nchi mtakayopita itamhesabu kama Mchina, hata kama nyinyi mna pasipoti nyingine. Angalieni viza ya kupita kwa pasipoti yake. Ndo maana wanaokuja Afrika Mashariki nawaambia mchukue ndege ya moja kwa moja toka Guangzhou kuja Nairobi au Dar, au mbadilishe Addis, kuliko kuzunguka miji mitatu kwa sababu ya bei. Ya Kenya ni eTA (kibali cha kuingia cha mtandaoni), ya Tanzania ni viza, zote ziombwe mtandaoni kabla.

Wa Marekani, mkipewa bahasha iliyofungwa ubalozini msiifungue, hata kuchungulia. Inafunguliwa na afisa wa uhamiaji mkifika.

Ndege ikipaa na ikishuka mpe chupa au kipande cha mantou, kutafuna kunazibua masikio. Maziwa na maji ya mtoto yanaruhusiwa kupita ukaguzi, yatoe uyaonyeshe. Fulana ya bibi iwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiende kwenye sanduku. Na pale mlangoni mwa ndege, wakati wahudumu wanamchekea wanataka wamshike, angalia anafanya nini. Wetu alificha uso shingoni kwangu na kukamata kanga kwa ngumi zote mbili.